Leseni imeisha, trafiki anataka chai

SWALI: Ami, assalam aleikum. Naendesha tuktuk hapa Malindi, juzi trafiki kanisimamisha upande wa Gede, kutizama leseni ishaisha tangu mwezi jana, akasema nitoe elfu mbili ama tuktuk ilale stesheni, tukavutana nikampa elfu moja akaniwachilia. Sheria yasemaje haswa? Na binamu yangu leseni yake imesimamishwa na korti ila bado aendesha, kwani si ni mambo yale yale?
Dereva, Maweni

JIBU: Waaleikum salaam mwanangu. Basi hiyo elfu moja ndo faini yenyewe! Kanuni za makosa madogo ya barabarani za 2016 zasema kutorinyu leseni ni shilingi 1,000, tofauti ni kwamba ukilipa kihalali wapewa risiti, wewe umelipa mfukoni mwa mtu na leseni bado imeisha, na sheria ya hongo, nayo ya 2016, yamshika anayetoa sawa na anayepokea. Siku nyengine mwambie kwa adabu, "afande, niandikie." Akikupeleka stesheni omba dhamana, ukilipa pesa dai risiti na tarehe ya korti, na katiba kifungu cha 49 chasema kosa ambalo adhabu yake ni faini tu ama kifungo kisichozidi miezi sita huwekwi rumande. Najua barabarani hayaendi hivyo kila siku, lakini ukiwa wajua waongea tofauti.

Kurinyu ni kwa simu tu, waingia eCitizen, ule mtandao wa huduma za serikali, wachagua mwaka mmoja ama mitatu. Ukiwa hapo hapo tizama kama una daraja la A3, ndilo la tuktuk, maana kuendesha chombo ambacho daraja lake huna ni shilingi 7,000.

Huyo binamu yako sasa, la, si mambo yale yale hata kidogo. Wewe umechelewa kulipia, yeye amekatazwa, na akishikwa atajibu kwa kuvunja amri ya korti, hapo hakuna cha elfu moja. Tena kuna bima: sera nyingi zataka dereva awe na leseni ama aliwahi kuwa nayo na hajazuiliwa, kwa hivyo wewe iliyokwisha pengine waponea hapo, yeye haponei, akigonga mtu kampuni ikimlipa majeruhi yaweza kumgeukia mwenye tuktuk irudishiwe pesa zake. Mwambie aende kwa karani wa korti iliyomhukumu aulize marufuku yaisha lini, na funguo awape mwengine kuanzia leo.