Upepo hauonekani, lakini unapimika

Ndugu yangu, umeuliza: upepo huuoni na bado unakubali upo, kwa nini basi unamkana Mungu? Mimi siamini, lakini si kwa sababu sijamwona. Upepo unapeperusha khanga za mama kwenye kamba hapa uani, na ukiuwekea kipimo unatoa kasi ileile kwa Mwislamu, Mkristo na mimi.

Chukua sayari ya Neptuni. Mwendo wa sayari jirani yake, Uranus, ulikuwa haukai sawa na hesabu. Mtaalamu wa nyota wa Kifaransa, Le Verrier, akapiga hesabu, akasema kuna sayari nyingine, itafuteni pale. Mwaka 1846 wataalamu wa Berlin walipopata barua yake, waliikuta sayari hiyo usiku uleule. Mwaka 1859 akadai hivyohivyo kuhusu mwendo wa sayari ya Utaridi, kwamba unavurugwa na sayari nyingine iliyo karibu zaidi na Jua. Ikatafutwa miaka na miaka, haipo. Mwaka 1915 Einstein akaeleza ule mwendo wa Utaridi bila kuihitaji sayari hiyo.

Madai yote mawili yaliweza kukaguliwa. La Mungu nalikagua wapi? Mama, anayeswali tano, hunijibu kwamba anamhisi moyoni. Namheshimu sana kwa hilo. Mimi sijamhisi, na siwezi kumdanganya mama.