Siku moja Lisbon: maswali ya wasomaji

Nitakuwa na siku moja tu mjini Lisbon. Nianzie wapi? (Msomaji, Mombasa)

Anzia Belém, tena asubuhi mapema, kabla mabasi ya watalii hayajafika. Tramu namba 15 inakufikisha huko kutoka katikati ya mji, ikifuata ukingo wa mto Tagus. Ipe saa nzima monasteri ya Jerónimos, ambayo ujenzi wake ulianza mwaka 1501 na ambayo imo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu 1983, kwa sababu nguzo za kanisa lake zimechongwa kamba, matawi na viumbe vya baharini ambavyo mtu mwenye haraka hawezi kuviona. Karibu na mlango wa kanisa hilo limo kaburi la Vasco da Gama, yule yule aliyeingiwa na shaka Mombasa mwaka 1498, kisha akapata Malindi rubani wa kumvusha hadi India. Kwa mtu wa pwani, hapo pana mengi ya kuwaza kuliko katika Mnara wa Belém, ambao kwa maoni yangu unatosha kutazamwa kwa nje. Usiende Jumatatu, maana monasteri hufungwa.

Je, ni lazima kupanda tramu namba 28? (Msomaji, Dodoma)

Si lazima. Njia yake kupitia vichochoro vya Alfama ni nzuri kweli, lakini mchana watu hubanana humo na wezi wa mifukoni hujipatia riziki. Panda alfajiri kutoka Martim Moniz, la sivyo tembea kwa miguu hadi Portas do Sol, ukae uangalie mapaa mekundu yakiteremka mtoni.

Nasafiri na mama yangu mwenye maumivu ya magoti, nami nasikia mji wote ni vilima. Tutafanyaje? (Msomaji, Arusha)

Kaeni Baixa, ambako ni tambarare. Mtaa huo uliangamizwa na tetemeko la tarehe 1 Novemba 1755 pamoja na moto na mawimbi yaliyofuata, na Marquês de Pombal, waziri wa mfalme, akausimamia ukajengwa upya kwa barabara pana zilizonyooka. Mama apumzike Praça do Comércio, uwanja mkubwa unaotazama mto, kisha mwende Cais do Sodré mkapande kivuko cha Cacilhas, ng'ambo ya mto. Safari ni fupi, nauli ni ndogo, na mji wote mtauona kutoka majini mkiwa mmeketi. Avae viatu vyenye soli inayoshika, kwa kuwa njia za miguu zimetandazwa vijiwe vyeupe vinavyoteleza sana mvua ikinyesha.

Nitapata chakula halali? (Msomaji, Zanzibar)

Utapata, hasa pande za Martim Moniz, penye migahawa ya watu wa Bangladesh na Pakistan. Ukihitaji msikiti mkubwa, uko karibu na Praça de Espanha, ulifunguliwa mwaka 1985, na miongoni mwa waumini wake wamo wengi wenye asili ya Msumbiji.

Nimeambiwa mkate unaoletwa mezani bila kuagizwa hulipiwa. Ni kweli? (Msomaji, Nairobi)

Ni kweli, pamoja na zeituni na jibini. Usipovigusa hulipi, na kumwomba mhudumu aviondoe si utovu wa adabu.