Mama haumwi na hao bakteria, mbona wamemtenga?

SWALI: Shikamoo daktari. Mama yangu ana miaka 61, alilazwa wiki tatu hospitali ya mkoa kwa kidonda cha sukari mguuni, dripu na masindano kila siku, baadae wakampa rufaa. Kufika tu hospitali ya pili wakamchukua kipimo na kijiti cha pamba njia ya haja kubwa, siku ya tatu wakamtoa wodini wakamweka chumba cha peke yake, manesi wakiingia wanavaa gauni na glavu. Wanasema ana bakteria sugu ila haumwi nao. Mama analia, anasema wanamuona kama mwenye ukoma. Kama haumwi anatengwa kwa nini? Na wanajuaje kama kawatoa alikotoka? – Binti yake, Morogoro

JIBU: Marahaba binti yangu, na mama mpe pole sana. Mwambie kwanza kwamba hajakosea kitu, hao bakteria mtu anawapata kwa kulazwa muda mrefu na kupewa antibayotiki nyingi, yaani zile dawa zinaua bakteria dhaifu halafu wale sugu wanabaki na nafasi yote. Wanakaa utumboni, mtu anaweza kuwa nao miezi bila homa wala tumbo kuuma, ndo maana kijiti kinapita huko. Shida inaanza wakipata njia ya kuingia kwenye damu, kwa mpira wa mkojo, kwa kanula (kile kimrija cha dripu mkononi), kwa kidonda kama cha mama, au wakihamia kwa jirani wa kitanda cha pili ambaye hali yake ni mbaya zaidi.

Kuna kisa nakisimuliaga sana kwa sababu kinajibu maswali yako yote mawili. Mwezi Juni 2011, hospitali ya utafiti ya NIH, taasisi ya taifa ya afya ya Marekani, huko Bethesda, ilipokea mama wa miaka 43 kutoka hospitali moja ya New York. Walijua kabisa anakuja na bakteria sugu aitwaye Klebsiella pneumoniae, anayeshinda hata dawa za kundi la meropenemu, zile tunazokimbilia zingine zikigoma. Wakamtenga, gauni, glavu, kila kitu, na tarehe 15 Julai akaruhusiwa kwenda nyumbani na watu wakapumua. Wiki tatu baadae, mwanamke yule keshaondoka, bakteria wa aina ileile wakaonekana kwa mgonjwa mwingine, halafu mwingine, halafu mwingine tena, hadi wakafika wagonjwa 18. Walikufa 11, na vifo 6 vilisababishwa na bakteria wenyewe.

Swali likawa hilohilo lako, wametoka wapi? Ni wale wale wa yule mama au wameingia na mtu mwingine? Watafiti wa hapohapo, Julie Segre, Evan Snitkin na Tara Palmore, wakasoma jenomu nzima, yaani maandishi yote ya vinasaba, ya bakteria wa kila mgonjwa, herufi kwa herufi, na Klebsiella mmoja ana herufi zaidi ya milioni 5. Fikiria wanafunzi wanaonakiliana daftari. Mmoja akiandika Kilimajaro badala ya Kilimanjaro, atakayenakili kwake atalibeba kosa lile na kuongeza la kwake, na mwalimu akizipanga daftari anaona nani kanakili kwa nani. Bakteria nao wakizaliana wanakosea herufi chache, na makosa hayo ndo yaliyoonyesha kwamba walitoka kwa yule mama wa kwanza mara tatu tofauti, na kwamba kati yake na waliougua walikuwepo watu waliobeba kimyakimya bila mtu kujua. Waliwakuta hata kwenye mashine ya kupumulia iliyokuwa imeshasafishwa, na kwenye mabomba ya kutolea maji ya masinki. Katika kupambana nao wakajenga ukuta kutenga eneo, wakaweka manesi wa kuhudumia upande ule tu, na wakaanza kupima hata wasio na dalili, yaani kile kipimo alichofanyiwa mama yako.

Kwa hiyo wa kwenu wamejuaje? Hapo hata jenomu haihitajiki, kijiti kilipita siku aliyofika, na kama sampuli ya siku hiyo imeotesha bakteria sugu basi kaja nao. Wangesubiri wiki mbili ndo wampime, kila mtu angemnyooshea kidole mwenzake. Kujua alipewa na nani huko alikotoka ndo kungehitaji kulinganisha vinasaba.

Na usidhani ni mambo ya Marekani. Utafiti uliofanyika Muhimbili kwa watoto na kuchapishwa 2007 ulikuta wenye maambukizi ya damu ya bakteria wa kundi hili la kina Klebsiella walikufa asilimia 43.5, wenye malaria asilimia 20.2, na usugu wa dawa ulichangia vifo hivyo. Mimi hiyo namba inaniuma mpaka leo, maana malaria tunaiogopa wote ila hawa hatuwaoni.

Sasa mama. Nenda kakae naye, mshike mkono, ongea naye, ila nawa kwa sabuni au paka kitakasa unapoingia na unapotoka, usikae kitanda cha mgonjwa mwingine na usipitie wodi nyingine kusalimia. Usimbane daktari ampe dawa ya kuwaua hao bakteria wakati haumwi nao, dawa zaidi zitawaongezea nafasi. Muulize nesi kila siku kama kanula na mpira wa mkojo bado vinahitajika, visivyohitajika vitolewe. Nyumbani vyombo vyake visitengwe, anawe tu vizuri akitoka chooni, na anayemfunga kidonda anawe kabla na baada. Siku ya kuruhusiwa omba karatasi ya majibu ya maabara yenye jina la bakteria na dawa walizozishinda, ibandike kwenye kadi yake ya kliniki, na popote atakapolazwa tena itoe mapokezi kabla hajapewa kitanda.