Jibu: Picha za msituni kutoka fujo tupu

Ndugu, umeuliza kwa nini msitu unaoupenda ukiupiga picha unatoka rundo la matawi tu. Ni kwamba jicho huchagua mti mmoja na kusahau mingine. Kamera haisahau kitu.

Kwa hiyo iache kwanza kwenye begi. Tembea taratibu mpaka kitu kikusimamishe: shina lililopinda, au mwanga unaopenya kwenye majani. Jiulize hasa nini kimekuvuta, kisha ondoa kila kisichohusika. Kazi iko hapo. Sogea hatua moja kushoto, mashina mawili yaliyopandana yanaachana. Chuchumaa, na kile kipande cha anga jeupe kinafichika nyuma ya majani. Anga hilo ni adui mkubwa, maana macho ya mtazamaji hukimbilia penye weupe. Kagua kingo zote nne kabla hujabonyeza.

Lenzi pana, inayoingiza eneo kubwa kwenye picha, wengi wanaipenda. Mimi naona msituni inaongeza vurugu. Jaribu lenzi ya kuvuta karibu, ya milimita 70 hadi 200. Tripodi, stendi ya miguu mitatu, nayo itakulazimisha utulie, na utaihitaji: chini ya miti, kwa f/11 (tundu dogo la lenzi) na ISO 100 (kamera ikihisi mwanga kidogo), shata, yaani pazia linaloingiza mwanga, inaweza kukaa wazi sekunde nzima. Ngoja upepo upungue.

Jua kali la mchana achana nalo. Mawingu ni mazuri, ukungu ni bora zaidi kwa sababu hufifisha miti ya nyuma na wa mbele ukajitokeza. Mvua ikikatika, filta ya polaraiza, kioo kinachofungwa mbele ya lenzi, hupunguza mng'ao kwenye majani yaliyolowa, kijani kikakolea.