Kabla hujahama mjini kwenda kuishi kihambani

Rafiki zangu wa Arusha huniuliza swali lilelile: "Na mimi nimechoka, nifanyeje nije huko kwenu?" Kwetu ni Kibosho, juu ya Moshi, karibu na msitu wa Kilimanjaro. Nilihamia huku kihambani, yaani kwenye shamba la nyumbani la Wachaga, baada ya kuacha kazi ya ofisini. Wacha niwajibu kwa kirefu.

Hama. Nasema hivyo kwa moyo wote. Usingizi wangu umerudi, na asubuhi naamka na hamu ya kazi, kitu ambacho sikuwa nacho kwa miaka mingi. Ila usije huku kuwakimbia watu. Njiro, huko Arusha, unaweza kufunga geti mwaka mzima na jirani asikujue jina. Kihambani mpaka ni mstari wa mimea ya masale tu, na anayejifungia ndani huzua maswali. Kukiwa na msiba unafika na mkungu wako wa ndizi, unakaa na wenzako. Siku ya jumuiya, vivyo hivyo.

Chukua mfano wa maji. Mifongo, ile mifereji waliyoichimba mababu kabla ya ujio wa Wajerumani, bado inatuletea maji kutoka mitoni huko juu, na kila nyumba ina zamu yake. Kabla ya kiangazi tunaizibua. Tunajipanga na majembe na makoleo, wazee wakielekeza, tunatoa tope na majani yaliyooza, tunaziba kwa mawe na udongo palipobomoka. Maji yakifunguliwa huja kwanza meusi, yanasukuma takataka mbele yake, halafu taratibu yanakuwa safi hadi unaona mchanga chini. Nilipotoka pale nikiwa na matope mpaka magotini, mama mmoja jirani aliniita kwake kunywa mtori. Tangu siku hiyo sijaitwa mgeni tena. Ule utulivu niliokuwa nautafuta kwenye miti, sehemu kubwa niliupata pale mfongoni, kwenye kazi ambayo huwezi kuifanya peke yako.

Sasa hela, maana bila hela mlima utakurudisha mjini. Usitegemee kahawa peke yake: miche mipya inachukua kama miaka mitatu kuanza kuzaa, na hata ikizaa ni msimu mmoja kwa mwaka. Kinachotulisha ni migomba na ng'ombe. Ng'ombe wa ndani anakula majani na vigogo vya migomba, samadi inarudi shinani, na maziwa yanaleta hela ndogo ya kila siku. Kahawa iache chini ya kivuli cha migomba na miti ya mringaringa kama walivyofanya wazee, na uipogoe kila mwaka. Na kama una kazi inayoweza kufanyika kwa simu na kompyuta, usiiache mpaka shamba lisimame.

Kuni usizihesabie msituni. Msitu uliingizwa kwenye Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro mwaka 2005, kwa hiyo panda miti yako.

Kwenye ardhi nenda polepole kuliko unavyopenda. Kihamba ni mali ya ukoo, kuna makaburi ndani yake, na ndugu mmoja akikuuzia kimyakimya wengine watakuja baadaye. Kaa na ukoo wote, pitia serikali ya kijiji, mambo yote yaandikwe. Kiwanja kilichopakana na mto kinavutia macho, lakini sheria ya mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingoni.

Kabla ya yote hayo, kodi chumba huku kuanzia Machi. Pitia masika, barabara ikiwa tope na bodaboda wamegoma kupanda. Pitia Juni na Julai, baridi kali na mlima umejifunika siku nyingi mfululizo. Kama Agosti bado unataka kubaki, nenda kwa mwenyekiti wa kijiji, na uende na mwenyeji anayekufahamu.