Nani akalie kiti cha Henry? Maswali yenu kuhusu filamu ya The Lion in Winter

Tangu niisifie hapa filamu hii ya mwaka 1968, inayomhusu Henry II, mfalme wa Uingereza, mkewe Eleanor na wana wao wanaogombea kiti chake, mmeniuliza mengi. Nimeteua manne.

*Ile Krismasi ya mwaka 1183 katika ngome ya Chinon, Ufaransa, ilikuwepo kweli?*

Haikuwepo. Mwandishi James Goldman aliibuni kwanza kwa ajili ya jukwaa, na hata mti wa Krismasi uliomo si wa karne ya 12. Lakini wale watu walikuwepo, na ugomvi wao pia.

*Kwa nini mfalme asimtaje mrithi, yakaisha?*

Alikwisha kumtaja, na hapo ndipo yalipoanza. Mwaka 1170 Henry II, yu hai bado, alimvisha taji mwanawe mkubwa, Henry mdogo. Kijana akapata jina la mfalme bila nchi ya kutawala. Mwaka 1173 baba akataka kumpa John, kitinda mimba, ngome tatu: Chinon, Loudun na Mirebeau. Henry mdogo akatoroka usiku, tena kutoka Chinon hiyohiyo, akakimbilia kwa mfalme wa Ufaransa. Ndugu zake Richard na Geoffrey wakaungana naye, na mama yao, Eleanor, akawa upande wao. Uasi ulishindwa. Juni 1183 Henry mdogo akafariki, mashindano yakaanza upya. Nikimwona mzee kwenye filamu akisitasita, mimi simlaumu: keshaumwa.

*Eleanor alifungwa muda gani?*

Miaka kama 15, hadi Henry alipofariki mwaka 1189. Hakutupwa shimoni, alilindwa katika ngome, na mara nyingine aliletwa kwenye shughuli za familia. Henry alimhitaji, kwa sababu Aquitaine, jimbo la kusini-magharibi mwa Ufaransa, ilikuwa urithi wa mama huyu kutoka kwa baba yake. Mtazameni Katharine Hepburn, aliyemwigiza Eleanor, akiwa peke yake na vito vyake mbele ya kioo. Kwangu, filamu nzima imo humo. Oscar aliyopata, akilingana kura na Barbra Streisand, ilikuwa haki yake kabisa.

*Mwishowe nani alikipata kiti?*

Richard mwaka 1189, kisha John mwaka 1199. Geoffrey alifariki mwaka 1186, na mwanawe, Arthur, naye alidai haki ya baba yake. Mwaka 1202 kijana huyo alimzingira bibi yake mzaa baba, Eleanor, mwanamke wa miaka karibu 80, mpaka John akaja kumwokoa mama yake na kumkamata Arthur. Ngome yenyewe ilikuwa Mirebeau, mojawapo ya zile tatu.