Mama kaambiwa ana dimensia ya mbele ya ubongo, mbona bado anakumbuka kila kitu?

Pole sana dada'ngu. Ndo ilivyo hii dimensia, yani ugonjwa wa akili kudhoofika kwa ubongo kuharibika, ya mbele mara nyingi huanza kabla ya miaka 65 na kinachotangulia ni tabia au maneno, kusahau huja baadae. Baba yangu mdogo alikuwa mtu mpole khasa, akaanza kuchota sukari kwa mkono koponi mbele ya wageni, sisi tukazunguka kwa waganga miaka miwili tukidhani kachezewa, hadi leo inaniuma.

Dawa ya kuizuia hakuna, na zile za Alzaima, ile dimensia inayoanza na kusahau, kwa ugonjwa huu hazisaidii, nyengine huzidisha fujo. Wengi huishi miaka 6 hadi 8 hivi tokea dalili kuanza, wengine zaidi. Kwahiyo sasa hivi akiwa bado anafahamu kaeni nduguzo wote, mpange pesa, hati ya nyumba, nani awe wakala wake wa kumuamulia mambo akishindwa, simu yenye pesa ashike mwengine, na zamu za usiku tafadhali msimbebeshe mtoto wa kike mmoja peke yake. Akianza kupaliwa na chai mwambieni daktari mapema na alishwe akiwa kakaa wima, chakula kikipita njia ya pumzi huleta nimonia.